Nusu ya Maneno ya Bwalya

Lundi, tarehe 5 mwezi wa tano

Kipwa inaanza, mvua imekwisha. Upepo ya asubui ilibeba parasol yangu, ule mwavuli wa meza, mpaka ku mulango ya pharmacie, nikaifwata mbio kama mutoto. Bantu ba Naviundu bakacheka. Bacheke tu. Ni bale bale benye banakuya kwangu kutafuta unité na mega ya telefone.

Lakini leo nilisoma kuliko kuuzisha. Njo kazi yangu ya pili, haina jina. Muntu anafika, anainama kidogo, anasema pole pole: Lydie, we ulisoma, uniulizie telefone. Papa Ézéchiel, mwenye kushona biatu, iko na sukari mu damu. Alitaka kujua kama anaweza kula ndizi. Telefone ilisema ndiyo. Chini kidogo ikasema hapana. Chini tena — muulize munganga wako. Nikamuambia: kidogo. Akaenda na furaha. Mi nikabaki sijue nilimuambia nini.

Mercredi, tarehe 7

Bwalya alifika na sapatu mu mukono. Miguu haiingie tena mu sapatu.

Bwalya anauzisha mboga ya lenga-lenga ku meza ya pembeni yangu, inafika myaka mbili. Mvua ikinyesha tunagawa parasol moja. Iko na mimba ya miezi saba — ya kwanza, kiisha myaka sita ya ndoa na masemi ya bantu. Bwana yake Guelor iko kule Lukafu, anavuna mahindi mu shamba ya baba yake.

“Yaya Lydie, dada yangu mukubwa, uniulizie.”

Akasema mingi. Miguu inavimba. Sasa na bidole, pete haitoke. Kichwa inaluma ku nyuma tangu jana. Na macho inaona moto kidogo-kidogo, sawa vile ba soudeur banafanya na chuma ku barabara.

Nikaandika: pieds gonflés grossesse 7 mois, miguu ya kuvimba na mimba. Ile ingine sikuandika. Moto kidogo-kidogo mu macho, mu Français banasema namna gani? Na kulikuwa bantu babili banangoya mega, mumoja anapika mukono ku meza yangu.

Telefone ikasema normal. Niliona ile neno mara tatu. Weka miguu yulu, kunywa maji, usifunge biatu sana. Nikamuambia: ni kawaida, mama, inapitaka.

Akacheka. Akasema alikuwa anaogopa bule. Consultation yake iko tarehe kumi na tisa, atangoya.

Jeudi, tarehe 8

Bwalya hakukuya. Meza yake iko tupu. Alinituma message: niko nalala, miguu yulu ya coussin, sawa vile ulisema.

Vile ulisema. Haandike “vile telefone ilisema”.

Vendredi, tarehe 9

Nitaandika yote, hata yenye inanipatisha haya.

Saa sita ya muchana nilifunga parasol, nikaenda kumuona. Akafungua mulango, sikumujua mara moja. Uso ilivimba, macho ilikuwa midogo. Kichwa haijaacha, asema. Tangu mardi!

Nikaikala ku kitanda yake, nikatosha telefone. Safari hii niliandika byote, na Français yangu ya kuvunjika: kichwa, ma lumières, njo ule moto, mu macho, miguu, mikono, uso, mimba. Ikajibu: urgence. Enda hopital mara moja.

Na mi nilifanya nini? Nikauliza tena. Niligeuza maneno. Nilikuwa natafuta jibu ingine, njo kweli. Na jibu ingine ikapatikana! Mwanamuke mumoja, sijue wa inchi gani, aliandika kama alionaka ile ile na akazala muzuri, mapacha. Nikabaki kwa ule mwanamuke sana, kama vile ni ndugu yangu. Kiisha video ya bwana mwenye kuvaa blouse ya munganga: ndimu na ail, njo kitunguu saumu. Mwingine: uache chumvi yote. Mwingine: usiache chumvi hata kidogo. Nikajaribu na Kiswahili. Ikanipeleka kwa ba Tanzania, banasema kifafa cha mimba. Mi najua kifafa, njo ile ya kuanguka. Bwalya haanguke. Nikajiambia: basi hii haiko yake.

Nafikiri ilipita dakika makumi ine. Bwalya alikuwa ananiangalia.

“Inasema nini?”

“Inasema twende ku centre ya afya.”

“Juzi ilisema kawaida.”

Nilimushika mukono, tukaenda. Tulisimama mara tatu mu njia.

Ku centre tulikuta Mama Honorine, mwenye kuzalisha bamama. Alifunga mashini ya kupima tension, presha ya damu, ku mukono wa Bwalya, akapompa, akaangalia namba. Akaenda ku mukono ingine. Akapompa tena. Kumi na saba kwa kumi na moja. Mi sijue ile hesabu, lakini niliona namna alifunga kinywa.

“Kichwa iko inaluma tangu lini?”

“Mardi, mama.”

“Mardi! Na leo ni vendredi. Ulikuwa unangoya nini?”

Bwalya aliniangalia. Kidogo tu. Akasema: “Nilizania itaisha.”

Hakunitaja. Na mi sikujitaja. Nilikuwa nasimama pale pale, na telefone mu mukono.

Samedi, tarehe 10

Bamemuhamisha ku hopital kubwa ya mu ville. Banamutia dawa mu mushipa, banazima taa, hapana makelele. Banasema tension ikishuka batangoya mutoto akomale kidogo.

Guelor nilimupata ku telefone saa ya mangaribi. Kule Lukafu reseau inapatikana ku kilima tu. Nilimuambia bibi yake Bwalya iko hopital, asikawie. Akauliza kama niko naye. Nikasema ndiyo.

“Yaya, aksanti. Kama hauko pale sijue ingekuwa namna gani.”

Reseau ikakatika. Nilifurahi vile ilikatika. Sijue ni furaha ya namna gani ile.

Nilijaribu kujielezea. Sikumudanganya Bwalya, nilisoma yenye iliandikwa. Na yenye iliandikwa haikuwa bongo, haikuwa uongo: miguu ya mimba inavimbaka, ya mama yangu ilivimba. Basi bongo iko wapi? Naitafuta siione. Telefone ilijibu yenye niliuliza. Bwalya alisema yenye alikuwa nayo. Kati yabo kulikuwa mi tu.

Dimanche, tarehe 11

Bwalya alianguka pale pale ku kitanda. Asubui, saa mbili, nilikuwa namupanguza uso na kitambala. Macho ikaenda yulu, mukono ikakamata yangu kama chuma, mwili yote ikatetemeka. Infirmière, muuguzi wa zamu, alikimbia, akanisukuma inje.

Kifafa. Njo ile neno ya ba Tanzania. Kumbe haikuwa ya kuanguka kwanza. Kuanguka inakuya ku mwisho.

Siwezi kuandika ingine.

Lundi, tarehe 12

Niko mu couloir ya hopital, naandikia ku magoti. Saa tano ya muchana.

Guelor alifika asubui na camion ya mahindi. Pull yake ya baridi ingali na makapi ya mahindi, hakuenda hata kunawa. Munganga alimuita pembeni. Nilisikia nusu: hatungoye tena, tunamupasua, tunatosha mutoto leo, juu ya kuokoa mama. Guelor akatia kidole ku karatasi ya ruhusa, hakuisoma.

Saa ine bakatuambia: mwana mwanamuke. Iko hai. Kilo moja na nusu haifike. Bamemuweka mu ile sanduku ya joto. Bwalya hajaamuka. Batasema, asema infirmière. Batasema nini, hakusema.

Guelor akakuya kuikala pembeni yangu. Kiisha akaangalia telefone yangu.

“Yaya, we unajua kuuliza. Uulize: mutoto wa miezi saba anaponaka? Na mama mwenye hajaamuka — ni masaa ngapi?”

Telefone ilikuwa na moto ya batterie, reseau muzuri, mega iko. Bidole byangu bilishaanza kufungua. Niliandika “bébé né à 7 mois”. Nikaona majibu inakuya, moja yulu ya ingine, kilo, asilimia, picha ya mutoto mwenye kucheka. Nikazima.

“Sijue, Guelor.”

“Uliza basi.”

“Hii sijue kuuliza. Tungoye munganga.”

Aliniangalia sana. Nilizania atakasirika. Akasema: “Ni kosa yangu, yaya. Unachoka. Tangu vendredi hujalala, Mama Honorine aliniambia yote ku telefone.”

Yote! Mama Honorine anajua nini? Anajua mi njo nilimuleta. Ile ya mercredi hajue. Ile ya mercredi tunaijua babili tu, na mumoja iko kule ndani, hajaamuka.

Nikasema: “Guelor, kuko kintu sijakuambia.” Akasimama, akaniwekea mukono ku bega, akasema utaniambia, kwanza nikutafutie kintu ya kunywa. Akatoka.

Naandika mbio. Nilipanga maneno: mercredi Bwalya aliniambia miguu, bidole, kichwa, macho. Mi niliandika miguu peke yake. Iko fupi, haipite sentensi mbili. Nikiisoma hapa inaonekana ndogo, kintu yenye muntu anaweza kusamehe. Kiisha naangalia ule mulango wa bloc, kwenye balimupasulia, na sijue tena kama ni ndogo.

Sijue pia kama namuambia kwa ajili yake, ao kwa ajili yangu. Akilia mu couloir hii, nani atamushika?

Na Bwalya akiamuka aseme tena “nilizania itaisha”? Basi mi nitakuwa nimemufanya muongo mbele ya bwana yake.

Mulango wa bloc unafunguka. Infirmière anatoka, anaangalia ku kulia, ku kushoto: “Ba famille ya Bwalya?” Nasimama. Anasema ningoye bwana ya Bwalya, anataka kusema na sisi babili.

Guelor anaingia ku mwisho ya couloir. Iko na bikombe mbili bya chai, anatembea pole pole, chai isimwangike. Hajamuona infirmière bado. Ananichekea. Anafika, moja ananipatia mi kwanza, na zile sentensi mbili sijazisema bado.