Glavu ya Mkono wa Kulia

Adelphi, Maryland
Jumapili, 8 Juni 2025

Mama,

Shikamoo. Naibusu mikono yako yote miwili, na baada ya mikono naliulizia lile goti: bado lakusumbua ukiinuka kwenye msala, au dawa ya kuchua aliyoileta wifi Nadra imefaa? Sisi huku wazima, twamshukuru Mungu. Idi ya juzi tuliisali uwanjani, pilau tukala kwa Bi Nahla, na Layla alivaa gauni ulilomshonea. Limembana mabegani. Ana miaka kumi na minne sasa na amenipita kimo kwa vidole viwili. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, kama zamani. Anakusalimu sana.

Barua hii anakuletea Bi Nahla mwenyewe. Anakwenda Unguja kumwuguza dada yake na ameahidi kupitia Tanga, kwenda na kurudi. Nimemwambia akupe mkononi. Nakuomba uisome kwa miwani yako, peke yako, usimpe Nadra akusomee. Siku ya maziko uliniuliza neno moja kwenye simu, nami nikakujibu. Nataka kulirudia neno lile. Kwa simu siwezi, kwani kwa simu nilishakudanganya mara moja, na ulimi ukishapita njia mara moja huijua.

Nianze na dogo. Eda nimeimaliza siku kumi zilizopita. Nilikwambia nimekaa ndani miezi minne na siku kumi, sitoki ila kazini. Kazini sheikh wa hapa aliniruhusu, maana wazee ninaowauguza hawangojei eda ya mtu. Nilikuwa naondoka asubuhi na jua halijazama nimesharudi. Lakini kuna Jumamosi mbili nilitoka kwa safari isiyokuwa ya kazi. Mara ya kwanza nilikwenda dukani kuchagua bastola. Tafadhali kaa chini uendelee kusoma, Mama. Hakuna aliyeumia.

Nataka ujue nilivyokuwa. Tangu Jumanne ile waliponipigia simu kutoka hoteli ya Oxon Hill, kwamba mwanao Fawaz ameanguka akitengeneza mtambo wa kupoza hewa na moyo wake umesimama, sijalia. Watu walisema Salme ana subira. Si subira. Ni kama mguu ulioukalia ukafa ganzi: waujua ni wako, waugusa, haukujibu. Chai nilikunywa, ya moto na ya baridi, sikujua tofauti. Wazee wangu kazini niliwaogesha, nikawalisha, mmoja akaniambia nimekuwa mkimya, akanishukuru.

Na kuna jambo sikukwambia. Alipokufa tulikuwa hatusemezani.

Tangu Agosti ya mwaka jana mwanao alikuwa akitoka kila Jumamosi asubuhi na kurudi alasiri. Alisema yuko na Solomon, yule Mkenya wa Kisumu aliyefanya naye kazi, anayekaa Bowie. Akirudi hanisalimu mpaka aoge. Nguo zake anazitia mashine mwenyewe. Wewe ndiye uliyemlea, hebu nisaidie: Fawaz na kufua, wapi na wapi? Desemba ikapotea glavu yangu ya ngozi, ya mkono wa kulia. Mara ya mwisho niliiona ndani ya gari lake. Kisha nikaona kwenye simu yake jina la Lorraine, mara tatu katika wiki moja. Nikajumlisha. Sisi wanawake wa Pwani hesabu hiyo twafundishwa kabla ya ile ya shule: mume akioga kabla ya salamu, ana nyumba ya pili.

Sikumwuliza. Niliona kuuliza ni kujishusha. Nilivaa kanga. Nilivaa ile ya “Mshika mbili moja humponyoka” siku tatu mfululizo, nikimpa mgongo kila alipoketi ili aisome vizuri. Aliisoma. Hakusema kitu, nami nikakichukua kimya chake kuwa ndilo ungamo lake. Nikaacha kumsemeza. Nilimwandalia chakula, nikakifunika, nikaingia chumbani. Wiki tatu, mpaka Jumanne ile.

Basi katikati ya Ramadhani simu yake ikalia. Nilikuwa sijaikata, na kila siku niliichaji, usiniulize kwa nini. Jina likatokea: Lorraine. Nikapokea kwa kutaka tu kuisikia sauti. Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima, mwenye kikohozi cha sigara, akauliza kama bwana bado anaitaka ile ndogo, kwani imeshafika muda mrefu na hawezi kumwekea milele. Nikamwuliza ndogo ipi. Akasema bastola. Nikamwambia bwana amefariki. Akakohoa. Halafu akaniuliza kama mimi ndiye mke, na nilipokubali akasema basi anayo glavu yangu.

Nilimpigia Solomon, naye akaja Jumamosi na gari lake. Njiani alinieleza yote, macho barabarani, kama mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Alisema mzee mmoja aliyestaafu pale hotelini, Christopher, ana shamba kusini ya Maryland, na ndiye aliyewakaribisha kupiga makopo. Walipanga makopo juu ya ubao, nyuma yake kuna tuta la udongo, wakalenga shabaha. Siku ya kwanza Fawaz hakupiga hata moja, akacheka mpaka akakaa chini. Mwishowe akawa hakosi. Wiki nzima watu humwita “wa matengenezo”, alisema Solomon, lakini pale shambani alikuwa Fawaz. Na ule uogaji na ufuaji ni agizo la Christopher: baruti na risasi huacha vumbi lenye sumu, mtu asiguse mtoto wala mke kabla ya kujisafisha.

Kwa nini alificha, hilo sikuhitaji kuambiwa. Mimi ndiye niliyesema tulipohamia hapa kwamba bastola haitaingia nyumba yenye mtoto. Na wewe, Mama, tangu ndugu yako alipopigwa risasi dukani kwake, hata bunduki ya mgambo hutaki ipite barazani kwako. Alituogopa sote wawili.

Duka liko kando ya barabara kuu, kati ya dobi na duka la rangi. Lorraine ana miaka kama sitini na mitano, miwani yake inaning'inia kifuani kwa uzi. Nilimtazama, nikaitazama chuki yangu ya miezi, sikujua niiweke wapi. Alitandika kitambaa juu ya kioo akaweka bastola mbili, akanieleza kama alivyokuwa akimweleza Fawaz. Zote zinatumia zile risasi ndogo za ishirini na mbili, nyembamba kuliko kalamu, ambazo hugongwa kwenye ukingo wa kitako, si katikati. Hazina kishindo kikubwa, hazirushi mkono, ndizo watu wapigiazo makopo. Zote zajikoki: ukishavuta mara ya kwanza, kila ukifyatua ganda laruka nje na risasi nyingine yaingia yenyewe. Moja ni ya chuma kitupu, nzito, mtutu mrefu; hiyo hutulia mkononi na haichagui risasi. Ya pili ni nyepesi, nusu plastiki, mpini mwembamba, na chuma chake cha juu chavutika nyuma bila kukaza meno, ila ukiilisha risasi duni hukwama.

Fawaz aliipenda ile nzito. Lorraine alisema alirudi pale mara nne, aishike, aisifu, kisha atoe glavu mfukoni aizungushie mpini, apime kama kidole cha shahada kingefika kwenye kifyatuo. Kwenye ile nzito hakikufika. Alimweleza kwamba mkewe ana mkono mdogo na ulimi mrefu, na kwamba hataki kununua kitu mpaka mke mwenyewe akikubali, aende darasani, apate kibali chake, wawe wanakwenda pamoja. Mwisho akaiagiza ile nyepesi, yenye mpini mwembamba zaidi, akaacha glavu ili bastola ikifika mpini wake upimwe kwayo. Ndiyo hizo simu tatu.

Lorraine akaitoa glavu kwenye droo. Nikaivaa. Nikashika ile nzito, kidole hakikufika. Nikashika nyepesi, kikafika. Nikasema, hii. Mama, ningependa kukwambia kuwa hapo nililia. Sikulia. Nilichagua kitu kilichokwisha kuchaguliwa, nikakirudisha juu ya kitambaa, nikamwambia Lorraine amwuzie mtu mwingine. Akasema pole. Nikaondoka na glavu yangu.

Nyumbani nilimweleza Layla, maana alijua mambo ya kanga kuliko nilivyodhani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sentensi moja tu: “Mama, you never asked him.” Kwamba sikumwuliza. Kisha akarudi kwenye vitabu vyake. Hakusema kwa ukali, ndiyo maana nimeshindwa kuisahau.

Jumamosi ya pili ilikuwa Aprili. Nilimwomba Solomon anipeleke shambani, sijui nilitafuta nini. Christopher alitukaribisha, akatuachia uwanja. Kando ya ule ubao kulikuwa na gunia la makopo yaliyotobolewa. Nikaliinamia. Yalikuwa makopo ya tui la nazi, yale ninunuayo mimi. Nilikuwa nikimwona akiyaosha baada ya chakula na kutoka nayo, nikidhani anasaidia kutupa taka. Mchuzi wa samaki wa Septemba, kunde, boko-boko, maharage ya kila Jumatano, yote yapo mle, kila kopo na matundu yake.

Solomon alisimama pembeni yangu, kofia mkononi. Akaniambia hivi:

“Shemeji, alikuwa ashasema April kukiwa warm atakuleta. Alisema ukihit kopo moja tu utacheka, na ukicheka utamforgive. Lakini hakuwa anajua kosa ni gani.”

Sasa nifike kwenye neno lako.

Siku ya maziko, kabla ya jeneza kutolewa msikitini, wanawake walinizunguka. Bi Nahla alinishika mabega akasema, “Salme, mpe radhi mumeo, anaondoka.” Nilitazama zulia. Nikatazama zulia mpaka yeye akadhani sauti imenikauka, akanijibia, akasema amempa, amempa, na wenzake wakaitikia. Saa ile ile ukapiga simu. Uliniuliza, “Umempa radhi mwanangu?” Nikakwambia, “Nimempa, Mama.” Ukalia, ukanishukuru, ukasema sasa utaweza kulala.

Sikumpa. Sauti haikunikauka. Niliizuia kwa makusudi, Mama, kwa sababu niliona amechukua kila kitu kwenda kwa mwanamke mwingine, nikataka kibaki kitu kimoja asichoondoka nacho. Wamemzika mwanao bila radhi ya mkewe, na kosa lake ni kuosha makopo.

Pale shambani Solomon alinivisha viziba masikio vikubwa, akavaa na vyake, akanipa bastola yake, nyepesi kama ile. Akasimamisha kopo moja. Nilikosa mara sita. Mara ya saba likaruka. Hakuna aliyecheka. Niliiweka bastola mezani kama nilivyofundishwa, mtutu ukielekea kwenye tuta, nikasema: Fawaz, nimekupa radhi, nawe niwie radhi. Nililisema kwa sauti kamili, lakini kwa vile viziba nililisikia ndani ya kichwa tu, na Solomon alikuwa na vyake, anatazama makopo. Hakuna mtu aliyesikia. Hata pale sikulia.

Najua utasema Mungu amesikia. Nami najua. Lakini kwetu radhi husemwa mbele ya watu, na mtu niliyemdanganya ni wewe. Kwa hiyo nalisema hapa, mbele yako, ukiwa na miwani yako: mimi Salme nimempa radhi mume wangu Fawaz, hana kosa kwangu, wala hakuwa nalo. Wewe ndiye shahidi wangu wa kwanza.

Na sasa naomba yangu. Ndani ya bahasha utakuta glavu. Ni kitu cha mwisho alichokipima kwa mikono yake, na una haki nayo kuliko mimi. Usinipigie simu, Mama, usinijibu kwa haraka kwa sababu ya huruma. Nimeshaona jibu la haraka linavyokuwa. Ukinipa radhi, mpe Bi Nahla glavu hiyo aniletee atakapopita tena kurudi huku. Ukiwa huwezi, kaa nayo, nami nitaelewa, kwani nami nilinyima. Huku baridi haiingii mpaka Novemba. Muda upo.

Nisalimie wifi Nadra na watoto wake, na majirani wa Barabara ya Kumi na Mbili wote waliomsomea marehemu hitima. Layla ameandika mstari wake hapo chini, kwa Kiswahili, nimemwacha na makosa yake.

Ni mimi mkaza mwanao,
Salme

Bibi mimi Layla. Baba iko na wewe kwa moyo. Tafadhali rudisha glavu ya Mama.