Tonge la Viazi

Mtaa wa Dengfeng, Guangzhou

Kwako mume wangu, Baba Idi,

Assalaam alaykum. Nakusalimu wewe kwanza, halafu nausalimu mguu wako. Umeacha kuvimba jioni, au bado unauficha chini ya shuka ili nisiambiwe? Na sukari unaipima, au unaikadiria kwa macho kama kawaida yako? Mimi mwili ni mzima. Ngazi za ghorofa ya tano napanda bila kushika ukuta, na wasichana wa Kitanzania tunaokaa nao jengo hili wanasimama kuhema ghorofa ya tatu. Hilo waambie watu.

Utashangaa kuona karatasi. Nimempa Bi. Saumu wa duka la mapazia, anarudi Dar, nikamwapisha akukabidhi mkononi. Simu sikuitaka. Simu yako unaiweka sauti ya juu kwa ajili ya masikio yako, nyumba nzima inasikia, na wifi Mkunde anakuwa amekwisha simama dirishani. Haya uyasome peke yako, mlango umeufunga, miwani umeivaa. Ukimaliza ndiyo uamue cha kuwaambia wenzako.

Ile sauti niliyotuma Jumapili ya mwezi uliopita, yenye vigelegele, najua unayo. Mdogo wangu Tatu kaniambia umeipeleka mpaka kwa muuza kahawa. Nilisema tumepokelewa, wazazi wa Lian wamemkubali kijana wetu, pakeni rangi chumba. Baba Idi, sikukudanganya. Nilisema nilichokiona. Kaa basi nikueleze ilivyokuwa.

Unajua Lian na Idi wana miaka minane pamoja, na mjukuu wetu Zuhura amefika umri wa shule, lakini wazazi wa Lian hawakuwahi kukanyaga kwa Idi hata siku moja. Sasa Idi ananiambia wanakuja, wametoka kijijini kwao kwa treni, wanataka kula chakula cha mchana na sisi. Mimi ningefikiria nini? Nikafikiri ndiyo posa yenyewe. Nikatoa ile doti ya kanga niliyoiweka chini ya sanduku, nikatia ubani, nikavaa gauni la zambarau. Nilipotokeza, Idi akanitazama akasema, "Mama, leo unakwenda kuoa wewe au mimi?" Nikamwambia, "Mtoto wa kiume akiwa mzuri hivi, lazima waone alikotoka." Akacheka, lakini alicheka kidogo.

Mgahawa aliuchagua Lian. Alisema chakula changu wazazi wake wasingekiweza, cha kwao mimi nisingekila, basi twende kwa Wazungu tukawe wageni sote. Wenyewe wanauita mgahawa wa shamba wa Ulaya, na foleni yake utadhani wanagawa kitu. Baba Idi, naapa, nilipoingia nilitaka kucheka. Ni jiko la bibi yangu Handeni! Boriti za miti nyeusi kwa moshi, jembe limetundikwa ukutani kama picha ya arusi, mundu, ungo, gurudumu la mkokoteni, majani makavu yametupwa pembeni kwa makusudi, sufuria za shaba zenye masizi. Watu wamevaa saa za maana, wanapiga picha na jembe. Mhudumu, Mchina mtu mzima, kavaa kaptula ya ngozi yenye kanda za mabegani na kofia ya unyoya. Mkate wakatuletea juu ya ubao wa kukatia vitunguu. Nikamwambia Idi, "Bibi yangu angekuwa hai angekuwa tajiri." Juu ya vichwa vyetu palining'inia mapaja makavu ya mnyama. Nikauliza ni ya nini. Idi akasema, "Mama, usitazame juu." Nikaelewa. Sikutazama tena, nikaagiza samaki na viazi basi.

Wazazi wa Lian ni watu wa shamba kweli. Baba mtu mikono ina sugu kama yako ya zamani, na aliketi akilitazama lile jembe muda mrefu kama mtu aliyekutana na jirani yake ugenini. Mama yake Lian ni mdogo mdogo, nywele kazibana, kisu na uma kavisukumia pembeni, akatoa vijiti vyake mwenyewe kwenye mkoba. Nikampenda palepale. Nami ningekuwa na mkeka wangu ningeutandika.

Nikaanza kuwasifu watu wangu, unanijua. Nikamwambia Idi awaambie babu yake alisomesha watoto wa mtaa mzima Qurani. Nikamwambia awaambie wewe umefanya kazi reli miaka yote na hujawahi kuchelewa siku moja. Nikamwambia asisahau kwamba nyumba yetu ina bati jipya. Idi akawa anaongea, wao wanaitikia kwa kichwa. Anavyokiongea Kichina kile mtoto wako, Baba Idi! Meza ya pili waligeuka.

Zuhura alikuwa kati yangu na Lian. Uma hautaki, na supu haitaki. "Bibi, nipe tonge," ananiambia, kwa Kiswahili, mbele za watu. Palikuwa na viazi vilivyopondwa laini kama ugali wa muhogo. Nikanawa, nikamega, nikafinyanga, nikatia shimo kwa dole gumba, nikachovya mchuzi wa samaki, nikamlisha. Akala la pili, la tatu. Mama yake Lian ameacha kula, ananitazama mkono. Halafu akaweka vijiti chini, akainuka akaenda kunawa, akarudi, akajaribu. La kwanza likamvunjikia. Nikamshika vidole nikamwonyesha, hivi, bonyeza hapa, taratibu. La pili likakaa. Akamlisha mtoto, mtoto akala, mama mtu akanigeukia mimi kuona kama kapatia. Nikamwambia, "Hapo sawa, mkwe wangu!" Moyo wangu ulikuwa unaelea.

Hapo ndipo alipochukua vijiti vyake, akamfungua samaki shavuni, akatoa ile nyama laini ya shavu, akaniwekea mimi kwenye sahani yangu. Akasema maneno, machozi yanamlengalenga. Nikamuuliza Idi kasema nini. Idi akasema, "Anasema ule ushibe, Mama."

Baba Idi, wewe umesahau? Ulikuja kwetu na wajomba zako mara mbili mkapewa maji matupu, mkarudi. Mara ya tatu mama yangu akaleta sinia, akamega nyama kwa mkono wake akamwekea mjomba wako mkubwa. Hakusema ndiyo. Hakuna aliyesema ndiyo. Nyama ile ndiyo ilikuwa jibu, na shangazi zangu uani walipiga vigelegele kabla hajaimeza. Basi mimi ningeelewaje jambo jingine?

Nikainuka nikapiga vigelegele. Katikati ya mgahawa wa Wazungu, chini ya yale mapaja, nikavipiga vitatu. Watu wakatoa simu. Mwenye kofia ya unyoya akaja mbio, akidhani pameungua. Baba mtu akainamisha kichwa. Lian akalia kilio cha kutikisika mabega, nikasema ndivyo anavyolia bibi arusi wa heshima. Nikamvisha mama yake kanga mabegani. Aliishika kwa mikono miwili.

Tulipotoka Idi akasema wazee wametoka mbali, wangependa kulala na Lian na mjukuu wao gesti usiku mmoja tu. Nikasema ni haki yao. Nikaenda nyumbani mimi mwenyewe, kwa miguu hii, nikamfungashia Zuhura sweta, nikamtilia na yule mwanasesere asiye na mkono. Njiani ndipo nikakutumia ile sauti.

Asubuhi nikakaanga vitumbua nikavipeleka gesti vya moto, mkwe asiseme tumelala. Binti wa mapokezi hata hakuangalia daftari. "Meiyou," akasema. Hawapo. Nikamwonyesha picha ya Zuhura kwenye simu. "Meiyou, meiyou." Kule sokoni Zhanxi nikiuliza viatu vya watoto namba niitakayo, wananijibu neno hilohilo, nami naenda duka la pili. Pale nilisimama tu. Bakuli la vitumbua linaniunguza mkono, sikulibadilisha mkono.

Nilirudi nikamkuta Idi kaketi kitandani amevaa nguo za jana.

"Wako wapi?"

"Wako kwenye treni, Mama. Tangu jana jioni."

"Treni ya kwenda wapi?"

"Kwao."

"Wanarudi lini?"

Akainama kufungua kamba za viatu. Nikamuuliza tena kwa ukali, ile sauti yangu ya kumwita asubuhi aende madrasa. Akasema, "Hawarudi. Nilijua. Nilijua kabla hujavaa lile gauni."

Baba Idi, sasa vumilia nimvue nguo kijana wetu, maana mimi ndiye niliyemvalisha. Ile picha niliyokutumia, Idi kwenye kiti cha kuzunguka, nikasema laoban, yaani bosi, anayo ofisi yake ya kargo. Kiti ni cha tajiri wake. Idi anabeba maboksi na kuyafuata kwenye lori mpaka bandarini Nansha. Karatasi zake za kukaa hapa zimeisha siku nyingi. Hana namna ya kumwandikisha ndoa Lian wala mtoto kwa jina lake, na mtoto alipopelekwa shule walimkataa kwa kuwa haonekani kwenye kitabu chochote. Baba yake Lian ana kitabu cha familia kijijini, kile cha serikali. Akasema atamwandika humo Zuhura kama mtoto wa nyumba yake, atasoma, atatibiwa. Sharti Lian arudi nyumbani, na Idi asipige simu wala asionekane. Idi akakubali. Alichoomba ni kimoja, kwamba kwanza waje wale chakula na mama yake.

Nilimpiga kofi, Baba Idi. Mtu mzima mwenye ndevu. Halafu nikamshika kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekula, Mama? Ungemlisha? Ungekesha unalia, na mtoto angeondoka akikukumbuka hivyo."

Nikamuuliza jambo jingine. Yule mama aliponiwekea samaki, alisema nini hasa? Akaona haya. Akasema, "Alisema, dada mkubwa, usituchukie."

Basi hicho ndicho nilichokipigia vigelegele.

Idi hali vizuri. Anasema atakwenda mwenyewe polisi akajieleze, wamfunge watakavyomfunga, halafu wamrudishe kwetu. Mimi namwambia asubiri wiki moja. Kila wiki namwambia asubiri wiki moja. Namba ya Lian haiiti tena. Jina la kijiji Idi analo kwa herufi zao, kaliandika kwenye kikaratasi. Nimelinakili nyuma ya barua hii, mstari kwa mstari. Kulisoma siwezi. Liweke kwenye Msahafu wako.

Chumba usikipake rangi nyingine. Mbuzi, kama hujamnunua, usimnunue, na kama umemnunua, mwache ale majani. Watu wakiuliza, waambie mjukuu wangu ameingia shule Uchina. Si uongo. Waambie hata Wachina wenyewe watamwomba awasaidie Kichina chao, maana akili ile ni ya kwetu. Wifi Mkunde akisema alijua tangu mwanzo, mwambie mimi sikujua, na sioni aibu.

Ila kuna jambo nalirudia kila nikikaa. Nilisema yule mama anajifunza tonge ili awe mkwe wangu. Sivyo. Alijua anamchukua mtoto anayekula kwa mkono wangu, akaona ajifunze kabla treni haijaondoka. Aliacha vijiti vyake, Baba Idi, akaenda kunawa. Lile la kwanza lilivunjika, la pili likakaa. Nimejaribu kumchukia kama alivyohofia, nikifika hapo nashindwa. Najua tu kwamba huko aliko, jioni, viazi vikipondwa, Zuhura anaomba tonge, na yupo anayejua pa kubonyeza. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Nisalimie mdogo wangu Tatu, mwambie asiisambaze tena ile sauti. Nisalimie kaka yako Mzee Shomari na wake zake wote wawili, kila mmoja kwa salamu yake. Nisalimie Maalimu, umwombe amtaje Zuhura kwenye dua kwa jina letu hilihili, maana sijui wamemwandika jina gani. Wifi Mkunde msalimie mwisho.

Kanywe dawa sasa hivi, usiseme baadaye.

Ni mimi mkeo,
Mama Idi, na bado Bibi Zuhura