Tumerudi Kutoka kwa Kondoo Wako, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, lakini nikianza bila kukusalimia nitajisikia vibaya. Leo nina mengi ya kukugombeza, kwa hiyo acha nitangulize heshima kabla haijaniishia.

Tumerudi Johannesburg wiki iliyopita, mimi na Mama. Tulikwenda Uskoti. Ndiyo, huko huko kwako. Na nakuambia wazi, Baba, umenichosha. Watu wengine wakifa, watoto wao wanapumzika kidogo na mambo yao. Wewe umetutoka tangu baridi ya mwaka jana na mpaka leo nahangaika kwa ajili yako.

Ilianza na kadi ya Krismasi, ile inayokuja kila mwaka, yenye picha ya kondoo kwenye theluji, kutoka kwa Ewan, mtoto wa yule mama aliyekupangisha chumba ulipokwenda kusomea mifugo. Ilikuja imeandikwa jina lako, maana hakuna aliyemwambia Ewan kwamba umefariki. Mimi ningemjibu kwa mistari miwili, basi. Mama akaichukua, akaitia kwenye mkoba wake, akakaa nayo kimya wiki tatu. Siku moja napiga pasi, akaniambia kama mtu anayenituma nyanya pale spaza, kiduka cha mtaani, "Nomsa, nataka kwenda kwa huyu Ewan. Utaendesha wewe."

Nikamuuliza anakwenda kufanya nini. "Kuona." Kuona nini, Mama? "Kuona alikokuwa."

Huyu ni Mama ambaye miaka yote tuliyoishi hapa Bertrams hukuweza kumpeleka hata Durban. Sasa fikiria mimi na zile fomu za viza. Picha tulipiga mara mbili kwa sababu ya kwanza alifumba macho. Fomu ikauliza sababu ya safari, akaniambia niandike "kumtembelea mume." Nikamwambia, mume amefariki, Mama. "Andika hivyo hivyo." Nikaandika utalii. Themba, mwanao, alielewa kila neno tulilomwambia kwa Kiswahili, akajibu kwa Kizulu kama kawaida yake, kwamba huko Sandton kazini hawampi ruhusa. Kwa hiyo nikabaki mimi.

Halafu ulitudanganya kuhusu hali ya hewa. Maisha yako yote ulikuwa unatuimbia machipuko ya Uskoti: mwezi wa nne, maua ya njano pembeni ya barabara, wana-kondoo wanarukaruka juani. Nikamwamini baba yangu, nikapaki sweta moja moja. Tulishuka kwenye ndege tukapokelewa na mvua iliyochanganyika na barafu, inapiga usoni kama mchanga. Mama alikuwa na kandambili na soksi. Maua ya njano yalikuwepo, nisikuonee, lakini yalikuwa yamelala chini yote, yamefunikwa na theluji nyepesi, unayahurumia.

Gari tulilokodi lilikuwa dogo, na hita yake ilipuliza miguuni tu. Kuanzia magotini kwenda juu tulikuwa tunajitegemea. Mimi, unajua, kutwa nzima nakaa na watu wasiojua klachi ni nini, tunazunguka mitaa hii ya nyuma ya uwanja wa mpira, na nimezoea. Sijawahi kupata mwanafunzi msumbufu kama Mama, na hakugusa usukani. Gari langu la kufundishia lina breki ya pili upande wa abiria, naye amezoea kulipanda. Basi kutoka mjini mpaka milimani alikanyaga sakafu. Kila kona anakanyaga, anavuta pumzi, ananiambia "polepole, mama," na mimi niko kilomita arobaini kwa saa, nyuma yangu foleni ya Waskoti.

Baada ya hapo foleni ikaisha. Robot za kuongoza magari hakuna, teksi za kukuchomekea hakuna, watu hakuna. Barabara ikawa ya gari moja, vile ulivyosema, na hapo ulisema kweli: kila baada ya mwendo kuna kijisehemu cha kupishana, anayekiona kwanza anaingia, mwenzake anapita na kunyanyua kidole kimoja juu ya usukani kushukuru. Mama aliipenda hiyo. Hakunyanyua kidole, alipunga mkono mzima, na wengine akawaombea safari njema. Milima ilikuwa ya kahawia na nyeupe, maji yanateremka kila upande. Ningeweza kufurahi, Baba, kama vidole vyangu vingekuwa na hisia.

Karibu na mwisho tukakuta kondoo wamelala barabarani, mama na watoto wao, wanaota joto la lami. Nikapiga honi. Mmoja akaniangalia, akaendelea kutafuna. Mama akaniambia, "Waache. Wana watoto." Nikazima gari. Tulikaa pale kama dakika ishirini, na ndipo akaniambia sababu ya safari.

"Baba yako alinyamaza miezi saba alipokuwa huku," akasema. Alikuwa anawaangalia kondoo, si mimi. "Nilikuwa Morogoro, wewe uko mgongoni. Naandika, hakuna jibu. Naandika tena. Watu pale kambini kwa wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakaanza kuniangalia kwa huruma. Niliijua huruma ile. Wanaume kadhaa walikwenda kusoma nje, wakapata wanawake huko, hawakurudi."

Nikamuuliza, na uliporudi ulisema nini. "Alisema kazi ilikuwa nyingi. Akanipa kitambaa cha sufu, akaanza hadithi zake za kondoo. Nikaona amerudi, yatosha. Nikamsamehe, sikuuliza."

Hujawahi kuulizwa, Baba. Zaidi ya miaka arobaini. Mnalala kitanda kimoja, mnahama nchi, mnazaa Themba, mnagombana kuhusu rangi ya mapazia, na hilo mmoja haulizi, mwingine hasemi. Nilitamani kugonga usukani. Kondoo wakanyanyuka wenyewe, tukaendelea.

Ewan ana miaka themanini na kitu sasa. Nyumba ni ile ya mawe uliyokuwa unatuchorea. Nilimpigia simu kabla, nikampa habari ya msiba, na alikuwa anatusubiri nje kwenye upepo bila kofia. Alimshika Mama mikono miwili. Kiingereza chake nilikishika nusu, nusu nikabahatisha. Akatukaribisha jikoni, akatupa supu ya shayiri, na Mama hakugusa kijiko. Akaniambia, "Muulize kuhusu ile miezi saba."

Ewan hakushangaa. Alisema ulikuja pale kwa mafunzo ya vitendo, ukae wiki chache urudi chuoni. Kisha ikaja barua kutoka Johannesburg, imezunguka nchi tatu, imechukua miezi minne kukufikia. Ilisema mama yako amefariki na ameshazikwa. Gogo, bibi yangu. Ungekanyaga tu nchi yako makaburu wangekukamata, na hata ungefika, ungefika kaburini. Ewan anasema hukulia. Uliikunja barua, ukatoka kwenda kwenye banda wanapozalia kondoo, ukakaa huko. Chuoni hukurudi. Ulilisha kondoo, ulizalisha kondoo, ulilala kwenye majani makavu mpaka mama yake alipokuja kukuvuta ndani kama mtoto. Barua za Mama zilipokuja ulizisomea bandani. Kila siku ulitembea mpaka kwenye sanduku la posta pale njia panda, mikono mfukoni, ukarudi. Ewan alikuuliza mara moja kama umetuma jibu. Ukamwambia, "Kesho."

Mama yake alikusihi umwandikie mkeo. Na Ewan anakumbuka ulivyomjibu: "Ana mtoto mchanga na yuko peke yake. Nikiandika nitaandika hili, na siwezi kuliandika."

Nikamtafsiria Mama yote, sikubakiza. Akaisogeza supu pembeni. Halafu akasema, "Muulize kama kulikuwa na mwanamke." Nilikataa, Baba. Kuna mambo mtoto hatafsiri. Basi akamuuliza mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha sokoni.

Ewan aliweka kijiko chini. Akasema, "Kulikuwa na mama yangu, alikuwa na miaka sitini. Na kondoo."

Mama hakucheka. Aliomba aonyeshwe banda. Lina harufu ya manyoya yaliyolowa, na upande mmoja paa limebadilishwa. Akasimama katikati, ameshika nguzo, amejifunga kitenge juu ya koti la Ewan alilopewa. Akasema polepole, kama mtu anayesoma, "Nimemsamehe mtu miaka yote hii kosa ambalo hakulifanya. Na lile alilolifanya sikulijua."

Nikiwa pale nikamuuliza Ewan kuhusu yule kondoo dume aliyekuangusha mtoni. Hadithi hiyo tumeisikia mara mia, kwenye harusi, kwenye misiba, siku uliyonifundisha kuingiza gari kinyumenyume kwenye geti letu nikakwaruza mlango, ukaniambia nisilie, hata wewe uliwahi kuangushwa na kondoo. Ewan akakuna kichwa. Anasema pale hakuna mto.

Sasa niambie. Ulikuwa na mdomo wa kutunga mto usiokuwepo, na hukuwa na mdomo wa kusema, mama yangu amekufa na nimeshindwa kusimama? Tungekucheka? Mimi ni mwanao, nimelea watoto wawili peke yangu, nimefukuzwa kazi mara moja nikakaa kitandani kwangu wiki nzima nikidhani nina kasoro ambayo hakuna mtu mwingine kwenye ukoo wetu amewahi kuwa nayo. Ulikuja ukakaa kwenye kiti, ukanipa hadithi ya kondoo. Nilihitaji ile nyingine, Baba.

Tukiwa njiani kurudi Mama akalia. Hakulia kwenye mazishi yako. Watu walisema ni jasiri, mimi nikajua ni hasira. Nikaingiza gari kwenye kile kijisehemu cha kupishana, tukakaa. Alikuwa anarudia neno moja tu, "Ningelia naye. Ningelia naye." Gari likaja mbele yetu, dereva wake akanyanyua kidole, na kwa mara ya kwanza Mama hakumpungia mtu.

Kesho yake, tukielekea uwanja wa ndege, akaniambia anarudi Morogoro. Si kutembea. Kukaa, kwa dada yake.

Nilimpigia kelele, nakiri. Nikamwambia kuhusu dawa zake za presha, kuhusu wajukuu, kuhusu kliniki yake hapa ambayo nesi anamjua kwa jina. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akasema, "Nilikaa karibu naye maisha yote nikiogopa atapotea tena. Kumbe hakuwahi kunipotea. Sasa naweza kumwacha." Na baada ya kona kama tatu akaongeza, "Na nataka kuamka mahali ambapo jirani ananijulia hali kwa lugha yangu."

Nikashika usukani, nikaendelea na barabara.

Jumapili nilimleta kwako. Bila shaka ulisikia. Makaburi yote yalisikia. Alisimama miguuni pako akakugombeza kwa Kiswahili karibu saa nzima, ile familia ya kaburi la jirani ikaacha kuimba. Alikuambia wewe ni mjinga. Alikuambia alikuwa na nguvu, alikuwa anabeba ndoo mbili na mtoto mgongoni, angeshindwaje kubeba kifo cha mama mkwe. Halafu akapiga magoti akalifuta jiwe lako kwa khanga yake, pembe zote, hata zile nyuma ambazo hakuna anayeziona. Alipoinuka akaonyesha ile nafasi tupu pembeni yako, ambayo sote tulijua ni yake, akasema, "Hiyo mpe Nomsa. Mimi watanizika nyumbani."

Nikamwambia, Mama, nina miaka arobaini na minne.

"Sijasema kesho," akasema.

Jana tumempeleka uwanja wa ndege. Themba alibeba mabegi. Mama alipofika pale ambapo sisi haturuhusiwi kupita, Themba akamshika mkono, akasema, "Mama, usiende." Kwa Kiswahili, Baba. Sijamsikia akitamka Kiswahili tangu akiwa darasa la pili. Mama akakivuta kichwa chake mpaka begani kwake, akamwambia, "Nitakwenda, baba. Lakini umesema vizuri." Akapita. Hakugeuka, na nadhani alifanya hivyo kwa ajili yetu.

Nyumba sasa ni kubwa mno. Bado nina hasira na wewe, na sioni itaisha lini. Lakini nakuahidi jambo moja. Wanangu nitawaambia ile ya bandani. Siku mmoja wao atakaposhindwa kunyanyuka kitandani, nitakaa kwenye kiti na kumwambia babu yako naye aliwahi kushindwa, alilala na kondoo, akaja akanyanyuka. Ile ya mto nitawaambia pia, siku za harusi.

Na nafasi ile naipokea. Usinisubiri kwa haraka.

Kaa vizuri huko, Baba. Gogo yuko safu chache tu kutoka hapo ulipo. Kama mnaonana, mwambie jinsi ulivyoikunja ile barua na ulikokwenda kukaa. Mwambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, maana ninavyokujua, mpaka leo hujamwambia.

Mwanao,
Nomsa