Magunia Thelathini ya Pumba Nyuma ya Hema Langu

Mpendwa Dada Yanjmaa wa Redio,

Naomba msaada wako, ila kwanza nakuomba usilitaje jina langu hewani, sema tu ni mwanamke wa Zavhan, na majina ya wengine humu nimeyabuni, kwa sababu watu wa huku wanakusikiliza kila asubuhi wakikamua na mimi si mtu wa kusemwa kwenye mahema ya watu. Nina miaka hamsini na saba. Nilipokuwa msichana niliendesha lori la ushirika, nikibeba sufu na ngozi, wanaume sita na mimi mwanamke peke yangu, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunivuta kutoka kwenye theluji, mimi ndiye niliyewavuta wao. Mpaka leo furgoni letu la mizigo naliendesha mimi, mume wangu Gombosuren anakaa pembeni anamenya mbegu, na hilo halijawahi kuniaibisha wala kumwaibisha yeye.

Sasa Dada, kila majira ya baridi kwa miaka kumi na tisa tunakwenda mjini, siku mbili za barabara, kumpelekea rafiki yangu Norjmaa na mumewe Luvsandash nyama ya kuvukia baridi. Norjmaa nililala naye kitanda kimoja bwenini toka tukiwa na miaka minane. Mwaka wa kwanza niliokwenda, Luvsandash alikuwa hana kazi na watoto wao walikuwa watatu, wadogo, na nilipofika mlangoni na kondoo aliyegandishwa begani Norjmaa aliniangalia akasema, "Hatukuomba, mwenzangu." Nikamwambia, "Nani kakwambia umeomba? Shika huu mguu, vidole vinaniganda." Akaushika. Baadaye Luvsandash alipata kazi ya ufundi kwenye kiwanda cha unga, maisha yao yakanyooka, lakini nyama haikukatika, kondoo wawili na nusu ya ng'ombe kila mwaka, na Norjmaa huwaambia majirani zake wa ghorofa nzima kwamba nyama ya Zavhan haina mfano, na mimi nikisikia hivyo, Dada, najiona mrefu kuliko jengo lenyewe.

Mwaka huu zud, baridi ile ya kuua mifugo, imetupiga. Theluji ya Novemba iliyeyuka siku moja tu kisha ikaganda juu ya majani, ngumu, kwato hazipenyi, na wanyama wakawa wanasimama juu ya chakula chao wakifa njaa. Tulihamisha kundi mara mbili, ndiyo maana tulichelewa kwenda mjini, tukaenda Januari, kwenye baridi ile ya kupasua pembe za maksai. Tulikuwa na kondoo mia nne na hamsini, tukabaki na mia moja na kumi. Gombosuren akasema mwaka huu tusiende, au twende mikono mitupu, watatuelewa. Nikachinja wawili walionona kuliko wote waliobaki. Naam, nilichinja, na ningechinja tena.

Njiani nikamwambia, "Atakayeuliza tunavukaje baridi, tunavuka vizuri."

"Si ndivyo asemavyo kila mtu?"

"Basi na wewe sema hivyo, halafu uishie hapo."

Wewe unajua desturi yetu, swali la kwanza jibu lake ni vizuri hata kama paa linaungua, shida mtu huzisema kwenye chai ya pili. Mimi nilikunywa chai ya pili na ya tatu na ya saba, siku tatu nzima, nikacheka, nikaimba, nikala vizuri, nikamwambia Norjmaa mwaka huu kuna theluji kidogo tu. Niliendesha kilomita mia nane kwa baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri, usiku nikaamka kila baada ya saa mbili kuwasha injini isigande, nikapanda mpando wa Solongot bila minyororo kwenye magurudumu, kisha nikakaa mezani kwa rafiki yangu nimesimamisha shingo. Nilijivunia safari hiyo kuliko zote.

Siku ya kuondoka Norjmaa ananiambia, "Utarudi Zavhan na kichwa hicho? Mbuzi wako wamechanwa vizuri kuliko wewe." Akanivuta saluni, nikakaa saa mbili na plastiki kichwani tukicheka kama tuko bwenini. Tuliporudi, furgoni lilikuwa limeshapakiwa, turubai limefungwa, Luvsandash ananawa mikono na Gombosuren anatazama mbingu. Nikadhani ni zawadi za kila mwaka, biskuti, chai, sabuni, maana kwetu chombo hakirudishwi kitupu. Tukaagana. Kufika darajani tu usukani ukaniambia. Dada, mimi gari nalijua kwa matako, furgoni lilikuwa limekalia ekseli, linapiga kona kama ng'ombe mwenye mimba. Nikasimama, nikafungua turubai. Magunia thelathini ya pumba za ngano.

Nikamgeukia mume wangu. "Umewaambia."

"Luvsandash aliniuliza wamebaki wangapi."

"Nilikwambia useme vizuri."

"Aliuliza idadi," akasema. "Ungenifundisha na jibu la idadi."

Toka hapo sikusema naye mpaka nyumbani, siku mbili za barabara, na hapa nyumbani leo ni siku ya kumi na moja tunazungumza kupitia mbwa. Magunia niliyashusha nyuma ya hema nikayafunga kwa kamba yangu, mafundo ya lori, nikatangaza kwamba atakayeyafungua atafute mke mwingine. Norjmaa amepiga simu mara tano sikupokea, kisha akaandika, "Mmefika?" nikamjibu, "Vizuri," basi. Miaka kumi na tisa mimi ndiye mpaji, leo nimegeuzwa mtu wa kupakiliwa magunia kisirisiri nikiwa saluni kama mtoto anayepelekwa kula pipi ili watu wazima wazungumze. Iliniuma, na bado inaniuma.

Na niseme lote maana nimeshaanza. Toka turudi wamekufa kondoo tisa. Jana alikufa jike mwenye sikio jeusi, mwenye mimba, nilimkuta ubavuni mwa yale magunia, kamba imelowa mate yake. Gombosuren alimbeba akapita naye mbele yangu, na afadhali angenitukana.

Petroli ya kufika mjini ninayo. Niyarudishe magunia mlangoni kwao, au niyagawe kwa majirani, au nimwandikie Norjmaa barua ya kuuvunja urafiki huu kwa heshima? Nishauri, Dada, lakini usiniambie nishushe kichwa, sijui kukishusha.

Mwanamke wa Zavhan

*

Mwanamke wa Zavhan,

Barua yako imenifikia jana mchana. Mbele yako kwenye foleni kulikuwa na mabibi harusi wawili na bwana mmoja anayegombana na mkwewe kuhusu pikipiki. Wote nimewaambia wasubiri, utaona kwa nini.

Kwanza nikusifu, maana unastahili na naona unapenda. Mwanamke wa miaka yako kupanda Solongot bila minyororo, kwenye baridi ile, na nyama ya rafiki nyuma, mimi niliposoma hapo nilisimama kwenye kiti. Wasichana wanaonisikiliza wakijiandaa kwenda shule wajue nchi hii ina wanawake wa namna hiyo. Sitakuambia ushushe kichwa. Kibaki hapo hapo kilipo, kimetengenezwa nywele vizuri.

Sasa nikugombeze.

Unasema wewe ndiye mpaji miaka kumi na tisa. Na mwenzako alikuwa nani miaka hiyo yote? Umeniandikia mwenyewe. Mwaka wa kwanza, mume hana kazi, watoto watatu, umemtokea mlangoni na kondoo begani hajakuomba. Unadhani haikumuuma? Aliuma meno, akaushika ule mguu, akaupika, na mwaka uliofuata akakufungulia mlango tena akicheka. Baadaye mumewe akapata kazi, angeweza kukuambia sasa inatosha, tunanunua wenyewe. Hakusema. Alikwenda kukusifia ghorofa nzima ili uendelee kujiona mrefu. Rafiki yako amejua kupokea mara kumi na tisa bila kuvunjika. Wewe umesaidiwa mara moja tu, umesusa mume na simu.

Na hiyo saluni. Umeiona kama dharau, mimi nimeisoma mara tatu na kila mara naona kitu kingine. Angetaka kukuaibisha angekukabidhi magunia uani, majirani madirishani, wewe ukishukuru mbele yao. Anakujua toka mnalala kitanda kimoja. Alijua ukiona gunia la kwanza utalishusha. Akakuondoa, akakuchekesha saa mbili, na mumewe akabeba magunia thelathini kwenye baridi ile. Yeye hakukuuliza hata swali moja, akakuacha uondoke umesimamisha shingo vilevile ulivyokuja. Hayo ndiyo yale yale uliyomfanyia wewe na kondoo wako. Amejifunza kwako, na ningekuwa wewe hilo ningejivunia kuliko Solongot.

Gombosuren naye hakukusaliti. Siku tatu alinyamaza kwa ajili yako, na mfugaji akiulizwa idadi ya kundi lake na mtu anayempenda hawezi kudanganya, hiyo ndiyo heshima yake yeye, kama usukani ulivyo yako. Mwache mbwa apumzike. Leo ukimpa bakuli la chai umpe kwa mikono miwili na umwite jina lake. Hotuba haihitajiki, wanaume wa namna hiyo wanaelewa bakuli.

Magunia hayarudi mjini. Hayaendi kwa majirani pia, isipokuwa ukikuta mtu ambaye kundi lake lina hali mbaya kuliko lako, hapo toa mawili usimuulize mtu. Lisha kundi lako, wenye mimba waanze. Siku tatu za kwanza kila mmoja apate konzi mbili tu za pumba, zilizolowekwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu tumbo lililokaa na njaa muda mrefu ukilijaza ghafla unamuua mnyama kwa mkono wako mwenyewe. Baada ya hapo ongeza kidogo kidogo. Wasioweza kusimama waingize ndani ya hema, uwape uji wa hizo pumba kwa chupa. Farasi, kama unao, waache wajitafutie.

Simu mpigie Norjmaa leo leo. Usiombe msamaha kwa maneno mengi, atalia na wewe utakasirika. Mwambie wamebaki wangapi. Mtajie idadi kamili, pamoja na wale tisa, pamoja na yule mwenye sikio jeusi, hata kama hilo ndilo gumu kuliko yote kulitamka. Kisha chagua jike mmoja kati ya wazima, mtie alama ya rangi, umwambie huyu ni wako, njoo na Luvsandash wakati wa kiangazi mje kumwona. Barua ya kuvunja urafiki kwa heshima uitumie kuwashia jiko.

Nilitaka kusema mengi zaidi. Lakini nimepiga hesabu ya barua yako: kondoo tisa kwa siku kumi na moja. Uliiandika siku sita zilizopita, kwa hiyo wewe unayenisikia sasa hivi unaijua idadi ambayo mimi siijui, na sitaki kuisikia ikiongezeka. Nimemwambia fundi wetu wa mitambo aweke wimbo mrefu, ule wa zeze la morinhuur, dakika saba. Wasikilizaji wengine kaeni muusikilize. Wewe usiusikilize. Chukua kisu, toka nje, kata hizo kamba.