Nyota ya Nduku na Yule Mwingine

Jumatatu, 5 Mei
Niko na miaka themanini na moja. Nimeshinda ukame, nyoka, nyapara watatu na pikipiki mbili. Nimezika mke wangu Nduku. Nimeshinda hata mwenzangu wa tumboni. Tulizaliwa wawili, yeye akaishi usiku mmoja, mimi ndio huyu. Hapa Kitengela hakuna mzee wa kunifikia.

Jioni nimetoa kiti nje kama kawaida, nikaangalia kaskazini. Nyota yangu iko. Ya Nduku haiko.

Jumanne, 6 Mei
Haiko.

Niandike vizuri. Ni nyota mbili zimekaribiana, kubwa na ndogo. Nilipokuwa mlinzi kule ranchi, nyapara alikuonyesha hapo kabla ya kukupa rungu na tochi. Pale ni ngapi? Ukisema moja, unarudi kwenu. Mimi nilisema mbili kabla amalize kuuliza.

Nduku nilimwonyesha tukiwa tumeoana juzi tu. Nikamwambia kubwa ni mimi. Akacheka. "Sawa, jifanye mkubwa. Lakini wewe hata mwenye jicho mbovu anakuona. Mimi naonwa na mwenye macho."

Tangu tumzike namtazama kila jioni. Si mambo ya kanisa. Ni yangu.

Ijumaa, 9 Mei
Ni taa ya Mama Shiro, jirani. Ameweka kubwa kwa duka, inamulika mpaka kwa choo yangu. Nimeenda kumwambia azime. Watu walikuwa wamejaa hapo. Yeye huniita Guka, yaani babu kwa Kikuyu.

"Guka, nikizima, unga nitapima na nyota?"

Wakacheka wote. Hana adabu. Lakini alizima kidogo, alinionea huruma. Hiyo huruma imeniuma kuliko kicheko. Nduku hakutokea.

Jumapili, 11 Mei
Binti yangu Mwikali amekuja na nyama. Amenishika kidevu kama mtoto, akanigeuza kwa jua. "Baba, macho imekuwa na maziwa. Ni mtoto wa jicho. Hospitali ya Kajiado wanapasua na unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Nimekataa. Haya macho yaliona fisi akiwa bado ng'ambo ya mto. Mama alinilisha vipande viwili vya kila kitu, viazi viwili, vikombe viwili vya uji. Mwili kama huu hauharibiki. Shida ni moshi wa viwanda na hizi taa.

Alipoenda nimetia chumvi kwa chai, nikidhani ni sukari. Nimeinywa yote.

Jumatano, 14 Mei
Sijalala. Nalala nimebana upande mmoja wa kitanda tangu utoto, hata kabla ya Nduku. Sijawahi kujiuliza kwa nini. Leo nimesikia mtu anapumua huko upande wa ukuta. Nimeita, Nduku. Nimepapasa. Blanketi baridi.

Kama ameondoka juu, ako wapi?

Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumapili, 18 Mei
Mawingu. Huyo wa ukutani amepumua tena. Si Nduku. Nduku alikuwa anakoroma.

Jumamosi, 24 Mei
Oltepesi. Mwikali anafundisha na mwalimu mmoja, Lemayian, ako na darubini. Hupeleka watu huko mbali na taa. Nimekubali ili niwaonyeshe nani ako sawa. Njiani, pale Kona Baridi, upepo karibu unyang'anye kofia yangu.

Giza la zamani. Nikasimama, nikaangalia. Moja. Nimekaza macho mpaka yakatoa maji. Moja.

Mwikali akasema polepole, "Baba, mimi naona mbili."

Hakuna taa ya kulaumu huko.

Mwalimu akanishika mkono, akanisalimu Kimaasai, akanivuta kwa darubini. "Supa, mzee. Weka hapa ile jicho yenye nafuu." Nikaweka. Nikangoja. Nduku ako! Ametulia, kando, mahali pake. Nilitaka kuimba.

Kisha nikaangalia ile yangu. Si moja. Ni mbili, zimebanana kama watoto wamelala kwa ngozi moja.

"Huyu ni nani ameshikana na mimi?"

Mwalimu hakucheka. "Huyo amekuwa hapo siku zote, mzee. Ni vile jicho peke yake haliwezi kumtenga."

Nimeketi kwa mawe. Mwikali akaniwekea shuka, akidhani ni baridi.

Jumapili, 25 Mei
Sikuenda kanisa.

Viazi viwili. Vikombe viwili. Niliringia wavulana wenzangu, eti mama ananipenda kushinda ndugu zangu wote. Mama alikuwa anaangalia nikila, akimaliza kuangalia anatoka nje. Hakuwahi kueleza. Alikuwa anapakulia wawili.

Hata jina hakupata. Na mimi nasema nilimshinda.

Upande wa ukuta. Sasa najua nimemwachia nani nafasi.

Jumatatu, 26 Mei
Nimempigia Mwikali. Nimesema sawa, wapasue. Nikamsikia analia. Nataka kumwona Nduku na jicho yangu, si kwa bomba ya mtu. Sababu ni hiyo peke yake.

Jumanne, 10 Juni
Kajiado. Wamepasua jicho la kulia. Sikupiga kelele. Mzee mmoja wa Mashuuru amelia kama mbuzi, nikamwambia ajikaze. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeng'ang'ania kitanda lakini hakuona, wamemfunika.

Naandika nikikisia mistari. Kama hii ikikataa, sitamwona tena. Hiyo ndiyo naogopa. Kisu si kitu.

Jumapili, 22 Juni
Mama Shiro amezima taa bila kuombwa. Amepiga kelele kutoka dukani, "Guka, haraka, wateja wanangoja!"

Nimeangalia. Kubwa. Halafu, kando, ndogo.

Nimekaa sana. Nimemvulia Nduku kofia. Anajua.

Yule mwingine haonekani, na hataonekana hata wakinipasua mara kumi. Nimeleta chai, vikombe viwili. Nimekunywa kimoja. Cha pili nimeweka kwa dirisha, upande wa ukuta anakolala. Kimepoa. Sijakigusa.

Kama kuna mtu atasema nimeongeza chumvi, aulize Mwikali. Aulize Mwalimu Lemayian. Mambo ya taa, aulize Mama Shiro. Huyo mwingine, shahidi ni mama peke yake. Yeye alituona wawili.