Jiko Lililotumwa na Marlys

Jumamosi, 20 Mei

Limefika! Boksi kubwa kama jokofu. Vijana wa lori wamelishusha uani, wakataka sahihi, wakaenda zao. Jiko la kuchomea nyama, la vidonge vya kuni, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa. Limetoka kwa Marlys, Denver. Hata kadi hakuweka huyu binti yangu.

Alvin alilizunguka, akaligonga ubavuni kwa kidole, akarudi ndani kuangalia televisheni iliyozimwa. Ameumia. Namjua mume wangu.

Chanzo ni Pasaka. Marlys alimkuta baba yake anapasua magogo ya mwaloni kwa ajili ya tanuri lake la kuchomea nyama, na kidonda cha operesheni yake ya moyo hata hakijakauka vizuri. Akamwambia mbele ya wageni wote auze hilo tanuri au atuambie anataka kuzikwa wapi. Alvin akajibu kwamba nyumba hii haiendeshwi kutoka Denver. Basi! Tangu hapo hawasemezani. Kila mmoja ananisemesha mimi. Mtoto wa nyoka ni nyoka, nami ndiye niliyemzaa, sina wa kumlaumu.

Jumapili, 21 Mei

Delbert kaja baada ya misa. Jirani, rafiki wa Alvin tangu shule, naye ana tanuri lake la kuni alilolichomelea mwenyewe kutokana na bomba la mafuta. Alipoliona jiko letu alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Lina plagi! Alvin, umeme ukikatika utaipulizia nyama kwa mdomo?"

"Daktari kanipa vidonge, na lenyewe linakula vidonge," Alvin akasema. "Tunafaana."

Mzaha wake wa kwanza tangu Pasaka! Nilicheka peke yangu jikoni, mikono imejaa unga.

Lakini Delbert mwenyewe amekiri mambo yamebadilika. Majirani akina Ruzicka wanalo kama letu, jiko lao la gesi wamelifunika turubai. Padri analo. Dukani mkaa umesukumwa nyuma kabisa, karibu na choo, na magunia ya vidonge yamepangwa mlangoni. Alikuwa akitaja hayo kwa sauti ya kusoma matangazo ya vifo.

Jumatano, 24 Mei

Nimeliwasha mwenyewe. Nani atanizuia? Unamimina vidonge kwenye sanduku la pembeni, unachagua joto, na jiko linajilisha lenyewe. Hakuna kupuliza, hakuna kukesha, hakuna machozi ya moshi. Lakini linataka simu ya kisasa, na Alvin ana ile yake ya kukunja, nami siyawezi mambo hayo. Marlys akasema nimtajie namba iliyo nyuma ya jiko, ataliunganisha na simu yake. Kwa hiyo joto la jiko letu linasomeka Denver. Alvin hajui bado.

Nikaweka kuku. Alvin, anayesema hataki kuliona, alikwenda kufungua kifuniko. Akarudi. Akaenda tena. Ujumbe ukaingia: Mama, nani anafungua jiko kila dakika?

Nikajibu: Upepo.

Alvin alikula mapaja yote mawili, akasema eti ni kuku wa hospitali. Mifupa aliitafuna.

Jumamosi, 27 Mei

Vita! Alvin kaamka na nia njema, kweli — ametia chumvi na pilipili manga kidari kizima cha ng'ombe, kwa ajili ya sikukuu ya Jumatatu. Akaamua kulijaribu jiko. Nikafurahi mno, nikaenda kukanda mkate. Kumbe mzee amechukua kigogo chake cha mwaloni, amekikatakata vipande kama sukari ya bonge, akavimwaga pamoja na vidonge! Eti moshi wa dukani si moshi. Chuma kinachosukuma vidonge kikakwama. Jiko likaanza kulia piii, piii.

Simu yangu ikaita hapo hapo. Nikaweka sauti kubwa, nikasimama kati ya simu na mume wangu.

"Mama, mwambie Baba azime jiko."

"Mwambie nimeshazima."

"Mwambie atoe kila kitu kwenye sanduku. Kwani ameweka nini mle?"

Alvin akaangalia viatu vyake.

"Mwambie mwaloni."

"Mwambie… mwaloni? *Mwaloni*, Mama?"

Akacheka. Marlys wangu alicheka, kile kicheko chake cha kukoroma kama cha bibi yake! Alvin alikisikia. Masikio yakamwiva. Nikangoja mmoja wao aseme neno moja tu, moja, lisilopitia kwangu. Hakuna. Tukachokoa vile vipande kwa kijiko, Marlys akaniaga — mimi tu.

Ndipo Alvin akauliza Marlys alijuaje, akiwa Denver, kwamba jiko limekwama. Nikamwambia ukweli wote. Anaona joto tu. Kifuniko kikifunguliwa joto linashuka, anajua.

"Kwa hiyo siku zote hizi ananichunga?"

"Anakuangalia, Alvin. Si kukuchunga."

Akachomoa waya, akabeba kidari kwenda kukichoma kwenye tanuri la Delbert. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 29 Mei

Sikukuu ya wanajeshi waliofariki. Tumekula kwa Delbert. Nyama laini, Mungu wangu, inakatika kwa uma. Alvin aliketi kando ya tanuri kama zamani, akakohoa. Delbert akakivuta kiti, Alvin akiwa juu yake, mpaka mahali pasipo na moshi, huku wakiendelea kubishana habari za mvua.

Wakati wa kuosha vyombo Delbert kaninong'oneza: "Shemeji, lile jiko lenu… ni zito kulisukuma? Mgongo wangu siku hizi hauwezi tena magogo." Nimeapa sitamwambia mtu.

Alhamisi, 1 Juni

Naandika nikiwa dirishani. Waya umechomekwa! Si mimi.

Nimetoka kumuuliza anapika nini. Anajibu analipasha tu. Nimeangalia friji: nyama yote ipo, imeganda kama mawe. Ndani ya jiko hamna kitu, chuma kitupu.

Anafungua kifuniko. Anasimama. Anafunga.

Ujumbe: Mama, Baba anapika nini leo? Joto linapanda na kushuka.

Nimejibu: Hapiki chochote. Jiko tupu.

Kafungua tena. Safari hii kaliacha wazi kabisa, joto lote la Juni na la jiko likimpiga usoni, naye anajifanya hamnazo, anatazama ua wa Delbert. Mzee huyu! Nampenda mpaka nataka kumpiga na mwiko.

Nimemwandikia Marlys: Nadhani anakuita wewe.

Amesoma, naona amesoma.

Labda nimeharibu. Labda ningenyamaza.

Simu inalia — si yangu! Ni ile ya kukunja, mfukoni mwa shati lake. Ameitoa. Anaishika mbali na macho ili asome jina. Inaendelea kulia. Pokea, Alvin. Pokea, mpenzi wangu. Anajifuta mikono kwanza kwenye suruali, huu na huu, ingawa hajashika nyama yoyote.