Waziri wa Kilwa Aliyekataa Kupiga Muhuri

Darsait, Muscat, 1970

Baba yangu,

Allah akurehemu. Tangu tukuzike nimeshapoteza kazi moja na kupata nyingine, na wa kulaumiwa ni yule waziri wako wa Kilwa.

Ulikuwa mwalimu usiye na skuli tangu tulipokimbia Unguja, ukabakia kutusomesha sisi, kila baada ya alasiri, maisha ya bwana yule wa zama za kale. Mtunza muhuri wa Sultani, mwandishi wa barua zake zote, mpaka siku alipoamriwa aandike kuwa nduguye Sultani amekiri uasi, ilhali hakukiri. Akauweka muhuri mkekani. "Muhuri ni wako, Bwana, lakini mkono ni wangu." Akaenda zake kusomesha watoto, fakiri. Hata Sultani alipokuwa mahututi, akamwita yeye aje amwandikie wasia, kwani hakumwamini mwengine. Na mjumbe wa Sultani, Baba, kila ulipoihadithia, alimkuta waziri anakula chakula ukipendacho wewe! Mama akicheka: "Leo kala nini tena huyo?"

Basi tajiri wangu wa Mutrah, niliyekuwa karani wake, aliniita. Akataka niandike kwamba jirani yake, mjane, amemuuzia nyumba.

"Mwenyewe kakubali?"

"Wewe andika tu."

Nikaiweka kalamu. Sikuwa na maneno mazuri kama ya waziri. Nilisema tu, "Mie siwezi." Akanifukuza mbele ya watu.

Nikatoka mbio kuja kukwambia. Nimeshashika mlango ndio nikakumbuka kuwa wewe hupo tena. Nikakaa kizingitini, mtu mzima na ndevu zangu, nikalia.

Mama alinipa maji. Tulikula wali na papa mkavu miezi. Mjane bado yumo nyumbani mwake. Tajiri alikosa wa kumwandikia, akaacha. Sasa serikali mpya inatafuta wajuao kusoma na kuandika, nami nimepata meza yangu. Ungeiona, Baba!

Mama bado anakumiminia kahawa. Anakiweka kikombe pale ulipokuwa ukikaa, kinapoa, khalafu anakwenda kukiosha. Nilitaka kumkataza, maana roho inaniuma. Sitomkataza, nakuahidi.

Pumzika katika rehema za Mola, kipenzi changu.

Mwanao,
Nassor